Mtu wa Joho na Debe la Igoki

Kwa miaka minne ya Emajensi, serikali ya Wazungu ikiwinda wapiganaji wa msituni, Munyi wa Ngari alilipwa na serikali aseme maneno ambayo si yake. Alisimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, akawaeleza watu kwa lugha ya nyumbani yale ambayo Wazungu walikuwa wakiyasema ndani ya sinema. Gari la sinema lilizunguka Embu na Meru likionyesha jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kupanda kahawa kwa mstari, na gwaride refu la askari wa London. Watu walipenda zaidi ile ya choo, kwa sababu Mzungu aliyekichimba aliteleza.

Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kazi ilikuja na pasi, na mtu mwenye pasi siku hizo alikuwa tajiri. Mwembu hakuweza kuvuka kwenda Meru bila karatasi hiyo. Dada yake Munyi, Igoki, aliolewa huko, karibu na Githongo, na mtu aitwaye Mbae. Hivyo serikali iliyokuwa imewafungia ndugu wote wa nchi ile kila mmoja kwake ilimgharimia Munyi petroli ya kwenda kumjulia hali dada yake, kila baada ya miezi mitatu, bila kujua.

Munyi alikuwa na siri moja. Kiapo cha msituni alikuwa amekula, kama karibu kila mtu wa rika lake. Kisha, ili apate kazi, alikuwa amekiungama mbele ya wakubwa. Kiapo chenyewe kilisema wazi kwamba atakayekitoa nje kitamuua, yeye na nyumba yake. Munyi alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la sita na hakuamini mambo hayo, ila kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu alijikagua mwili mzima.

Mwezi wa tatu mwaka wa hamsini na tano, gari lilifika Githongo likiendeshwa na Hirsi, Msomali wa Meru mjini ambaye hakuamini kitu chochote kisichokuwa na injini. Watu walikuwa wametolewa mashambani na kupangwa kwenye kijiji kipya, vibanda mstari mmoja mmoja kama kahawa, handaki lenye vijiti vilivyochongwa likizunguka pande zote. Munyi alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Njiani watu walimsalimu vizuri, lakini walipoona anakoelekea, walikumbuka shughuli zao.

Alimkuta Igoki amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele kama ya mtu mwingine.

"Usishtuke, mwana wa mama," alisema. "Sote tuko hivi."

Ndani, Mbae alikuwa amelala, ngozi ya viganja imekuwa ngumu, inabanduka. Watoto wawili walikuwa wamekonda, macho makubwa. Ugonjwa ulianza kwa kutapika na kuharisha, Igoki alieleza, kisha nyayo zikawaka kama wamekanyaga makaa, kisha zikafa ganzi. Ulianza wiki chache baada ya Mbae kuungama kiapo.

"Umeelewa sasa," Mbae alisema kutoka kitandani. Hakuuliza.

Kijiji kizima kilikuwa kimeelewa. Hakuna aliyewapa moto wala chumvi. Hedimani Kathuri, mkubwa wa homgadi, wale wenyeji waliolinda kijiji kwa niaba ya serikali, naye alikuwa ameelewa kwa njia yake: kama kiapo kinamuua Mbae, basi hakuungama chote, au amekula kingine cha pili. Jumatatu lori lingempeleka kambini akahojiwe upya. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Akipelekwa hivi alivyo, hatarudi," Igoki alisema, akinyanyuka kwa kushika ukuta. "Kunywa uji kwanza. Mgeni hatoki kwangu na koo kavu, hata kama naumwa."

Aliuchota kwenye debe lililokuwa kando ya mafiga. Ubavuni mwa debe kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa, na mifupa miwili imepishana chini yake, nyekundu.

"Debe zuri," Munyi alisema.

"La ungamo. Hedimani aliyatoa madebe haya kule kwenye josho la ng'ombe. Kila aliyeungama alipewa moja. Vyungu vyetu vilivunjika siku ya kuhamishwa, basi hili ndilo la maji, ndilo la uji, ndilo la kila kitu. Wengine wamewekea mahindi tu, hawana watoto wengi."

Ile picha Munyi hakuishangaa. Serikali ilikuwa inachora vifo kila mahali mwaka huo: kwenye makaratasi yaliyotupwa kutoka kwenye ndege, kwenye mbao za njiani, kwenye milango ya kambi. Watu walikuwa wameliona fuvu mara nyingi hata wakalichukulia kuwa ni mhuri, kama vile taji la malkia. Lilimaanisha kuwa kitu ni cha serikali, basi kitakuwa imara. Munyi alikunywa uji wake wote, kama adabu inavyotaka.

Kafyu ya kufungia watu ndani ilianza saa kumi na mbili jioni, na sinema haiwezi kuonyeshwa kwenye jua. Kwa hiyo ilionyeshwa saa nane mchana ndani ya ghala la kahawa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, moja kutoka kila nyumba. Blanketi la Igoki lilirudishwa. Mwenye kuyapokea alisema madirisha yametosha, ingawa mwanga uliingia hapo wazi wazi.

Bwana DO, afisa Mzungu wa wilaya, alihutubia dakika tano juu ya maji safi nyumbani, ndiyo filamu iliyoandikwa juu ya boksi, kisha akaenda kukagua handaki. Hirsi aliwasha mashine, akatazama, akainama sikioni mwa Munyi.

"Bwana mkalimani, walahi, boksi ni letu lakini mkanda si wetu. Huu ni wa kambi ya askari wa Kizungu. Wametuchanganyia."

"Mwingine upo?"

"Upo. Wa choo."

Watu mia mbili walikuwa wamekwisha kukaa. Munyi akatazama kitambaa. Mzungu mmoja alikuwa anaruka angani bila ndege, amevaa nguo ya kubana kama ngozi ya chura, joho linampepea mgongoni. Maandishi yalisema hiyo ni sehemu ya tano kati ya kumi na mbili.

"Huyu," Munyi alianza, "ni mtu wa afya."

Hakuna aliyecheka. Mwaka huo walikuwa wameona watu wa afya wa ajabu zaidi.

Hadithi ilikuwa hivi. Familia moja, baba, mama na watoto, imelala kitandani. Wanatapika, miguu haiwabebi. Madaktari watatu wanatikisa vichwa. Jirani wanapita mbali na nyumba. Mtu wa joho anakuja, anasimama mbele ya ukuta, na macho yake yanapenya ukuta. Kuna bwana mwenye masharubu aliyemwaga kitu ndani ya tangi lao la maji kwa sababu anataka shamba lao.

Sehemu hiyo Munyi aliiruka. Ndani ya ghala lile kulikuwa na homgadi sita wenye bunduki, na mgeni anayetamani shamba la familia haikuwa habari ya kusimulia watu wa Githongo mwaka wa hamsini na tano. Akasema bwana mwenye masharubu ni mzembe, hafuniki vyombo.

Macho ya mtu wa joho yakafuata bomba, yakaingia kibandani, na kitambaa chote kikajaa pipa moja. Ubavuni mwa pipa, fuvu, na mifupa miwili imepishana.

Munyi aliliona debe la Igoki. Uji alikuwa amekwisha kuunywa wote.

Mashine ikavuma peke yake. "Bwana mkalimani," Hirsi alinong'ona, "umekufa?"

"Bado," Munyi alijibu, na kipaza sauti kikalitangaza jibu ghala zima.

Kwenye kitambaa mtu wa joho alisema maneno mawili kwa Kiingereza: ni sumu. Munyi aliyatafsiri kwa muda wa dakika moja na nusu. Alisema picha hii si mhuri wa serikali. Ni alama ya dawa inayoua. Dawa ya josho inaua kupe, na mtu ni kupe mkubwa tu. Chombo kilichobeba dawa hiyo hakitakati kwa kuoshwa, hata kwa mchanga, hata kwa majivu. Nyayo huwaka, kisha hufa ganzi, viganja hubanduka.

"Huyo Mzungu ana maneno mengi kwa mdomo mdogo," sauti ya nyuma ikasema.

"Ana haraka, ndiyo maana."

Kisha mtu wa joho akapigwa rungu kisogoni, akatupwa ndani ya tangi, kifuniko kikafungwa, maji yakaanza kupanda. Yalipomfika kidevuni, mkanda ukaisha. Kitambaa kikabaki cheupe, na watu wakaanza kunung'unika kama watu waliodhulumiwa.

Bibi mmoja mzee, Rwamba, jirani wa Igoki, yule aliyekuwa wa kwanza kumnyima moto, alisimama kwa fimbo yake.

"Mkalimani. Sitaki huyo wa tangini. Nataka yule baba mgonjwa. Yeye alikuwa ameungama kiapo?"

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hapakuwa na Mzungu wa kusingiziwa jibu. Munyi alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nyanya, kwao hakuna kiapo. Hajawahi kukila, hajawahi kukiungama. Na aliugua vilevile."

Aliposema hivyo alisikia neno lake mwenyewe likimrudia kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliona kwamba huenda ataishi.

Watu walianza kuhesabu. Aliyeungama alipewa debe. Aliyepewa debe aliugua, huyu tumbo, yule miguu, na aliyewekea mahindi makavu aliugua kidogo. Hesabu hiyo ilitembea mabenchi yote ya nyuma, ikaja mbele, ikasimama kwa Hedimani Kathuri. Mtu aliyeyagawa madebe ni yeye. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta wa kumkamata.

Munyi alimwona, akajua kwamba mtu akibanwa ukutani na bunduki anayo, si vizuri kumbana zaidi.

"Hadithi haijaisha," alisema. "Hedimani wa mahali pale hakujua. Aliyatoa kwa moyo mwema. Lakini alipojua, siku hiyo hiyo aliandika barua."

Kathuri akamgeukia. "Barua ya nini?"

"Ya hospitali, mzee. Si ya kambi. Na watu walimsifu sana."

"Sikuiona hiyo kwenye picha."

"Iko sehemu ya sita."

Kathuri aliangalia kitambaa cheupe, akaangalia watu mia mbili waliokuwa wakimwangalia yeye. "Leteni kalamu," akasema.

Bwana DO aliporudi alikuta madebe kumi na saba yanabebwa nje ya handaki yakazikwe, na kijiji chote kinasindikiza kama mazishini. Akauliza kuna nini. Munyi akamjibu kwamba ni mambo ya usafi, bwana. Inasemekana ripoti ya mwezi ule ilisifu filamu ya maji safi, ikapendekeza ionyeshwe wilaya nzima. Kwenye shimo Rwamba alisimama hadi udongo ukajaa, akasema yule wa sinema mwenye shuka mgongoni atamlipa debe lake. Kisha akaenda kwake na kurudi na kaa la moto kwenye kigae, akaliweka mlangoni mwa Igoki, ingawa wakati huo hapakuwa na kitu cha kupika wala chombo cha kupikia.

Gari la sinema liliwachukua wote wanne hadi hospitali ya Meru, Mbae amelazwa juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Watoto walipona wa kwanza, Igoki mwezi wa sita. Mbae alirudi na fimbo, na nyayo zake hazikuhisi kitu tena. Siku za baridi alitembea peku juu ya umande na kusema hiyo ndiyo faida yake.

Njiani siku ile walikuwa wamekaribia mji. Mbae, aliyesimuliwa tu ile sinema, akamvuta Munyi mkono.

"Shemeji. Yule mtu wa tangini. Alitoka?"

Sehemu ya sita Munyi hakuiona siku hiyo wala baadaye, ingawa kwa miaka mingi aliulizwa habari zake kuanzia Kibirichia hadi Embu.

"Alitoka," alisema. "Lala."