Vidole vya Perez na Kalamu Isiyo na Betri

Perez Adoyo amesuka viti vya mafunjo kando ya barabara ya Dunga kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo amegombana na mumewe kuhusu umbo la viti. Nicodemus ndiye anayetengeneza fremu kwa miti ya mkaratusi. Perez anafunga mafunjo juu yake. Mchoro hawakuwahi kuwa nao. Perez alieleza kwa mikono, Nicodemus akaitikia, "Nimesikia," kisha akaja na kitu kingine kabisa. Mwaka juzi aliambiwa atengeneze kiti cha watu wawili, akaleta kitanda. Kilikuwa kitanda kizuri, lakini hakuna aliyeweza kukiita kiti.

Binti yao Debra, mwalimu huko Eldoret, alichoka kusuluhisha ugomvi huo kwa simu. Akamtumia mama yake tableti iliyokwisha kutumika.

"Chora humu, Mama," alimwambia. "Baba aone kabla hajakata mti."

Perez alikaa nayo mlangoni kwake Nyalenda, akagusa kioo. Kikanyamaza. Akabonyeza, akasugua, akapuliza vumbi. Nicodemus, ambaye sugu zake ziko viganjani, akakigusa kwa ncha ya kidole, picha zikafunguka mara moja.

"Hii kitu imenidharau," alisema Perez.

Siku iliyofuata aliipeleka kwa Rehma, fundi wa simu pale Mamboleo. Rehma alikuwa anamenya ndizi. Aliangalia kioo, akaangalia vidole vya Perez, halafu akachukua ile ndizi na kuigusisha kwenye kioo. Kikafunguka.

Perez aliikodolea macho ile ndizi. "Kwa hivyo ndizi inanishinda?"

"Ndizi ina maji, Mama Debra," Rehma alijibu huku akicheka. "Hiki kioo kina umeme mdogo sana juu yake, hata huwezi kuusikia. Kidole kikigusa, mwili unavuta kidogo, na kioo kinajua umeguswa wapi. Lakini ngozi yako ya vidole imekauka, imekuwa nene kama kiatu. Umeme haupiti. Mafunjo ndiyo yamekufanyia hivi."

Alimpa kalamu yenye ncha ya mpira laini. Mpira ule, Rehma alieleza, unapitisha umeme kutoka mkononi mpaka kwenye kioo, kwa hiyo kioo kinadhani ni kidole cha kawaida. Perez akarudi nayo nyumbani akifurahi, na kwa wiki moja alichora viti vinavyofanana na viazi. Mstari ulikuwa mnene. Tena kila alipoegemeza kiganja, kioo kilidhani na hicho ni kidole, kikachora doa katikati ya kiti. Ikabidi achore mkono ukiwa hewani, bega likamuuma.

Jumapili, baada ya kanisa, alipita soko la Kibuye akaona kalamu ya chuma yenye ncha nyembamba, nzuri hasa. Akainunua. Haikuchora hata nukta. Akarudi nayo kwa Rehma akiwa amekunja uso.

"Hii ni nzima," Rehma alimwambia, "ila imetengenezwa iongee na tableti ya aina nyingine. Yako haielewi lugha yake." Aligeuza tableti, akaona kitundu pembeni. "Tazama. Hapa palikuwa na kalamu yake. Mwenyewe wa kwanza aliipoteza."

Alichakura kwenye sanduku la vifaa vya tableti zilizokufa mpaka akapata kalamu nyembamba ya plastiki iliyoingia kwenye kitundu kile sawasawa.

"Betri yake inaingia wapi?" Perez aliuliza.

"Haina. Chini ya kioo kuna utando wa nyaya unaotoa nguvu. Ndani ya kalamu kuna waya uliozungushwa. Unapokea ile nguvu na kuijibu. Kioo kinasikia jibu linatoka wapi. Ukikandamiza, jibu linabadilika, na mstari unakuwa mnene. Na kalamu ikiwa karibu, kioo hakishughuliki na kiganja chako. Egemea tu. Vidole vyako navyo viwe vikavu utakavyo, haijali."

Perez alisogeza kalamu bila kugusa. Nukta ndogo ikatokea kwenye kioo, ikaifuata. Akaishusha, akavuta mstari mwepesi, kisha mwingine mzito. Alikaa hapo kwenye kibanda cha Rehma akichora mpaka wateja wakaanza kumruka.

Mwezi huohuo alikuja Caren, mkunga mwenye kliniki ndogo. Alitaka kiti cha mama anayenyonyesha: kifupi, chenye mkono mmoja mpana wa kuegemeza kiwiko. Perez alichora mbele yake. Miti aliichora kwa mistari mizito, mafunjo kwa mistari myepesi. Caren akasema mkono ushuke kidogo. Perez akaufuta, akaushusha.

Jioni alimwekea Nicodemus mchoro mapajani. Mzee aliuangalia kwa muda mrefu.

"Sasa hii ndiyo ulikuwa unasema miaka yote?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Mbona hukusema?"

Nicodemus akachukua kalamu, akaishika kama msumari, akachora mguu wa nyuma ukielekea nje zaidi. "Mama akiinuka na mtoto atasukuma nyuma. Ukiwa wima hivi, kitaanguka naye."

Perez alitaka kubisha. Akainuka kwenye kigoda chake, akakaa tena, akainuka. Mumewe alikuwa amesema kweli. Perez akauacha mguu kama ulivyo.

Kiti kilitoka kama kilivyochorwa, mara ya kwanza katika ndoa yao. Walikipeleka kliniki wenyewe. Mama wa kwanza kukikalia alikuwa na mtoto wa siku tatu; aliegemeza kiwiko, mtoto akashika ziwa, na kabla Caren hajamaliza kuwashukuru wageni wake, mama na mtoto wote walikuwa wamelala. Caren akaweka kidole mdomoni, akawatoa nje kwa kunyata, na huko kibarazani akaagiza vingine vinne kwa sauti ya chini.