Mjane Kwanza, Jamaa Wangoje Barazani

Saa mbili asubuhi, mjini Bunia, Plamedie anafungua dirisha la kliniki ya sheria, kisha anawaomba jamaa waliomsindikiza mteja wakangoje barazani. Mjomba mmoja ananuna. "Utusamehe, papa," anamwambia, kwa heshima kama kwa baba. "Siye tunaanza na yeye peke yake."

Kliniki hii haina sindano. Ni ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sheria: wanasikiliza watu wenye kesi za kweli, bure, wanaandika barua, na wakili wao, Maître Elysée, anakagua kila neno. Plamedie, miaka ishirini na minne, amehudumia watu kumi na mmoja tangu Januari. Hutembea karibu saa nzima kutoka nyumbani, mtaa wa Mudzipela, maana pikipiki kila siku ni kujifilisi.

Na hilo la barazani limetoka wapi? Ukimuuliza, anacheka kwanza, kisha haya inamshika.

Machi alikuja Mama Bénédicte, mjane, ameletwa na shemeji yake, Lambert. Kwa desturi ya kwao mjane hasemi mbele ya kaka wa mume, na Plamedie kalelewa vizuri mno. Akampa mzee kiti, akamwita papa, akaandika kurasa nne za maneno yake. Mama wa watu anakunja tu pindo la kitenge. Kumbe Lambert huyo huyo alikuwa ameshapata mnunuzi wa nyumba ya marehemu, na alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba mjane amekubali!

Barua ilikuwa karibu kwenda mahakamani, mama aliporudi peke yake, viatu vimejaa matope.

"Ile yote uliandika ni maneno yake," alisema. "Yangu haukuniuliza."

Plamedie anakiri kwamba alilia. Maître Elysée hakumgombeza, alimpa karatasi nyeupe tu. Sasa akasikia mengine: mama analala humo na watoto wanne, matofali aliyachoma yeye na mumewe, na kijijini kwao, Gety, walishakimbia vita, hana pa kurudi. Sheria inamwachia mjane haki ya kukaa nyumbani kwake. Barua mpya, ya maneno ya mama, ikaenda mahakamani, na hakimu akasimamisha uuzaji mpaka kesi isikilizwe.

Kesi ni Alhamisi. Plamedie anataka kula kiapo cha uwakili, lakini leo bado ni mwanafunzi, haruhusiwi kutetea. Atakaa benchi la nyuma.

Jana mama alikuja kuuliza kama mbele ya hakimu ni lazima alitaje jina la shemeji, jambo ambalo kwa desturi hajawahi kulifanya tangu aolewe. Plamedie akajibu ni lazima.

Mama akalitamka mara tatu. Mara ya tatu hakuinamisha macho.