Bulo Nne za Onema

Bwana yangu Onema ni seremala, na hajui kutulia. Anakula amesimama. Kanisani anachagua kiti cha karibu na mulango. Hapa Kindu majirani wanamucheka, eti aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wacheke tu. Mimi Bernadette, muke wake, njo najua nyoka alimuuma siku gani.

Wakati wa vita alikuwa na mashine moja tu ya kukata mbao, aliyoiunga mwenyewe pale nyumbani. Asubuhi moja risasi zikaanza upande wa gare ya treni. Akafungua mota, kilo kumi na tano, akanifunga nayo mugongoni kwa kikwembe, kama mutoto. Yeye akambeba mama yake. Ng'ambo ya Lualaba, tuliposhuka mutumbwini, askari mumoja akaniuliza mbona mutoto halii. Nikamwambia iko na homa, amelala. Akatuacha tupite.

Tuliporudi, mutaa muzima haukuwa na mulango hata mumoja, yote ilibebwa. Kila muntu akataka mulango, na mota ile njo ilitulisha.

Tangu hapo Onema hakununua tena chombo chenye kushinda mugongo wangu. Mbao aliranda kwa mukono, jasho likimutoka, na wateja wakienda kwa wengine. Nilimubembeleza, nikamugombeza, bure.

Mwaka huu hatimaye alikubali. Mashine ya kuranda, chuma kitupu, ilishuka kwenye treni, wanaume sita wakaisukuma mpaka kwetu. Ilikuja na bulo nne, vyuma vinene vyenye nati, za kuifunga chini kwenye simenti. Akazitia mufukoni. "Nitafunga kesho." Kesho yake ikawa miezi miwili. Jenereta ikiwaka, mashine inatembea chumbani kama mbuzi aliyekata kamba, naye anaifuata na ubao mukononi. Juzi iliruka, ikamukata ncha ya kidole.

Nilikuwa namufunga kitambaa, nimekasirika kweli.

"Baba Ange," nikamwita kwa jina la mutoto wetu, "unangoja mukono muzima uende?"

Akasema, bila kuniangalia, "Na siku ile ikirudi, Mama Ange, hii utaibeba namna gani?"

Hasira yangu ikaisha pale pale. Miaka yote nilizani anahangaikia mashine. Kumbe alikuwa anapima mugongo wangu, na mugongo wenyewe umezeeka, na hajathubutu kuniambia. Nilitaka kulia. Nikatafuta koleo.

Nikachimba mashimo, nikachanganya simenti mwenyewe, na kikwembe changu kikachafuka chote.

"Leta bulo," nikamwambia. "Siku ile ikirudi, nitakubeba wewe. Mashine itabaki."

Akaingiza mukono mufukoni, akanipa tatu. Nikabaki nimenyoosha mukono mpaka akatoa ya nne.