Gari linavuja coolant, sisi tunamshuku mzee

Wakuu, poleni na baridi huko mliko.

Haya ni ya kweli tupu. Mama watoto ameyasoma kabla sijaposti. Kafuta sehemu moja tu inayomhusu yeye, nami nimeirudisha.

Mimi ni Mnyakyusa, naishi Uyole, Mbeya. Mke wangu, Mama Sekela, ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Mwaka huu nilimchukua baba yangu kutoka Tukuyu aje akae na sisi, maana tangu mama atutoke alikuwa peke yake.

Sasa kwa wasiojua: kwetu, wale wanaoshika mila, mkwe mwanamke na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawaongei moja kwa moja. Mzee akitaka kutoka chumbani anakohoa kwanza. Mama Sekela akisikia kikohozi anakimbilia jikoni. Nyumba yangu inaendeshwa kwa kikohozi.

Kwenye gari je? Mzee mbele kushoto, Mama Sekela nyuma, katikati tumetundika khanga. Trafiki alishawahi kutusimamisha akauliza tumeficha nini. Akafunua, akakuta mwalimu wa sekondari anasahihisha madaftari.

Basi, gari likaanza kupoteza coolant, yale maji ya kupooza injini. Naongeza, siku mbili tatu tenki limeshuka. Nalala chini na tochi natafuta tone, pakavu. Fundi wa mtaani akaniambia huenda ni gasket ya silinda hedi, nikaanza kupiga hesabu ya kufungua injini.

Wakati huohuo likazuka jambo la pili, ambalo kichwani kwangu halikuwa na uhusiano wowote na la kwanza.

Kila tukitoka kanisani na mzee, kapeti pale anapoweka miguu linakuwa limeloa.

Mama Sekela ndiye aliyegundua. Akaniita, tukatazamana. Kesho yake nikakuta katandika nailoni pale mbele, na nyingine kaitandika juu ya kiti.

Halafu wakaja sisimizi.

"Baba Sekela," akaninong'oneza, "sisimizi hawafuati mkojo hivihivi. Hiyo ni sukari."

Aisee, nilikosa raha. Huyu mzee alinichapa kwa kukojoa kitandani mpaka nipo darasa la nne. Leo mimi nimkalishe chini nimwambie nini?

Mbaya zaidi, mzee akaacha chai. Mtu wa Tukuyu, kakulia kwenye mashamba ya chai, anasukuma kikombe! Akawa mtu wa kujifungia chumbani. Ikafika send-off ya mdogo wake Mama Sekela huko Kihesa, na mzee ndiye msemaji wa upande wetu. Akasema haendi.

"Nirudishe Tukuyu, nikakae kwangu."

Hapo niliogopa kweli. Nilijua akirudi kule na huo unyonge, ndiyo basi tena.

Nikambembeleza mpaka akapanda gari. Mpango wangu wa siri ulikuwa, shughuli ikiisha, nimpitishe hospitali apimwe sukari.

Njia nzima, kila nikiona kichaka nauliza, "Baba, tuchimbe dawa?"

"Hapana."

Makambako nikauliza tena. Akanigeukia: "Hivi hiki kibofu ni changu au chako?"

Nyuma ya khanga nikasikia mtu anakohoa kuficha kicheko.

Kukaribia Mafinga, ile baridi mnaijua. Nikafungulia hita mpaka mwisho.

Wakuu! Kioo cha mbele kikajaa mvuke wenye harufu tamutamu, mshale wa joto ukapanda, na mzee akarusha miguu juu ya dashibodi. "Naungua! Naungua miguu!"

Nami, kwa upendo wote wa mtoto wa kwanza, nikamshika bega. "Baba, usione aibu. Ni umri tu."

"Umri ndiyo umechemka?"

Nikapaki pembeni. Chini ya dashibodi yalikuwa yanatoka maji ya kijani, yanafuka moshi. Sukari naielewa, lakini kijani hapana.

Tukasubiri gari lipoe, tukaongeza maji, tukajikongoja mpaka gereji moja pale Mafinga. Fundi akafunua kapeti, akanusa, akacheka. Rejeta ndogo ya hita, ile inayokaa ndani ya dashibodi, ilikuwa imetoboka. Ndiyo maana coolant, ambayo ina utamu unaovuta sisimizi, ilikuwa inamwagikia ndani, miguuni kwa abiria, huku chini ya gari pakavu. Akaunganisha mipira miwili ili maji yasipite tena kwenye hita, akajaza coolant, akatoa hewa iliyonasa kwenye mipira. Gari likatulia.

Mzee alisimama muda wote anayaangalia yale maji ya kijani. Kisha akavuka barabara bila kuaga, akaingia mgahawani. Nilipomfuata nikamkuta na kikombe kikubwa cha chai.

"Unajua," akasema bila kunitazama, "nilidhani ni mimi."

Nikavuta kiti nikakaa. Kumbe alikuwa anajinyima chai akidhani anavuja. Yeye anatuficha sisi, sisi tunamficha yeye, wote tunatunza heshima.

Akaagiza kikombe kingine.

Tuliporudi kwenye gari akakaa, akaiweka khanga vizuri, akakohoa. "Mwambie Mama Sekela haikuwa mimi."

Mama Sekela yuko nyuma yake palepale. Akajibu, "Mwambie baba, nilijua tangu mwanzo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi naendesha, naisikia nailoni ya kiti inalia chini yake kila akijigeuza, na nimeuma midomo mpaka Kihesa. Tulichelewa, maana safari hii kuchimba dawa aliomba mwenyewe, kila baada ya kijiji. Lakini alipopewa nafasi ya kusema, wakuu, ukumbi ulisimama.

Nilichojifunza: coolant ikipotea na chini hakuna tone, papasa kapeti ndani. Na mzee wako ukimwona ananyong'onyea, muulize, hata kama unaona haya.

Yaliyowakuta na wakwe na magari yenu yaleteni hapa chini. Ila Mama Sekela anapita kusoma, msitaje nailoni. Ndiyo sehemu aliyofuta.