Wino Kidoleni, Jina Hakuna

Saa sita kasorobo mchana, Kaswera anachomoa waya wa umeme makusudi. Kompyuta inazimika. Constant, mkuu wa kituo, anapiga kelele. Kaswera, fundi wa kompyuta, anaiwasha tena na kuhesabu. Ameandika majina mia tano ya kubuni, na kwa kila moja kompyuta imejibu: limehifadhiwa. Yamebaki mia nne sitini na tatu.

"Thelathini na saba imemezwa, papa. Ona mwenyewe!" anamwambia mkuu wake.

Ni Kisangani, mwaka 2023. Hapa huandikishwa waliokimbia vita ng'ambo ya mto, Lubunga. Ukishaandikwa, unachovya kidole katika wino usije ukarudia. Siku ya kugawa unga, kidole kikiwa na wino na jina halipo, unaitwa mwizi. Familia hamsini na mbili zimefukuzwa hivyo. Mikono mitupu! Hii ni haki gani?

"Bananitukana mbele ya batu," anasema Émilie, mama wa watoto wanne, mmoja wa waliofukuzwa. "Alors, hii wino nilijipaka miye?"

Wiki tatu wakubwa walishikilia kwamba mashine haidanganyi, waongo ni wakimbizi. Kaswera, aliyejifunza ufundi kwa kutengeneza kompyuta za duka la mjomba wake, hakukubali. Aliwauliza waliofukuzwa saa waliyoandikwa. Wote walitaja saa sita, jenereta inapozimwa kutiwa mafuta. Ndio waliotoka mbali zaidi, wakavuka kwa mtumbwi na kufika mwisho.

Kumbe ili foleni iende haraka, kituo kilinunua diski ndogo ya kasi, ya bei rahisi. Hupokea majina kwanza, kisha huyapeleka kwenye diski kubwa.

"Iko sawa na mutoto mwenye kusema amemeza dawa, kumbe iko mu kinywa," anasema Kaswera. "Umeme ikikatika, anatema."

Constant analalamika kuwa bila diski hiyo foleni itarefuka.

"Foleni!" Kaswera anafoka. "Batoto banalala njaa, weye unaogopa foleni?"

Diski ameshaiondoa, bila ruhusa. Kesho asubuhi atamwandika upya kila mwenye wino asiye na jina, hata wakimfukuza kazi.

Lakini wino unafutika. Émilie amefunga kidole chake kwa mfuko wa plastiki tangu Jumapili. Anafua na kupika kwa mkono mmoja.

"Vumilia, mama," Kaswera anamwambia. "Kesho."

"Sitanawa," anajibu Émilie, na kukaza fundo kwa meno.