Gari Lililombeba Bibi

Mtaani kwetu Mandewa tuliamini kwamba maiti ni mzito kuliko magunia mia ya alizeti, na gari likimbeba hupinda magurudumu mpaka kiyama. Mimi niliapa ni kweli. Gari la baba mdogo lilimleta marehemu bibi kutoka Kiomboi, na baada ya mazishi nililikuta limechuchumaa, magurudumu yameachana chini na kuegemeana juu kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo.

Mchana ule palinuka vumbi na mpira wa moto. Nilitambaa chini ya gari nikifukuza kuku, nikaona tairi limetoa nyuzi za chuma upande wa ndani.

"Baba mdogo, tairi lako limeota ndevu!"

Akacheka hadi mabati yakatetemeka. "Basi limenizidi utu uzima!"

Akawasha gari, akaenda Kiomboi. Jua halijazama, vilio vikaanza nyumbani kwake. Nikajua bibi amemvuta.

Miaka ikapita, na hata cheti nilichopata kwa masomo ya jioni hakikuufuta uzushi ule kichwani mwangu. Juzi, nikiwa na mama mdogo, mjane wa baba mdogo, tuliona gari la kijana mmoja limechuchumaa vilevile.

"Hilo nalo limebeba maiti," nikamwambia.

Hakucheka.

"Baba yako mdogo alikata springi ili gari liwe chini, na hakwenda kupima alaimenti ili magurudumu yanyooshwe. Matairi yakaliwa upande wa ndani, moja likapasuka safarini. Bibi yako alikuwa mwepesi, mwanangu. Tulimpakia mimi na mama yako tu."