Wasioimba Wangu wa Kasenga

Mkicheka, chekeni taratibu, aibu bado mbichi. Nasoma saikolojia, na kwa utafiti wa kumaliza masomo nilitaka kujua kama kuimba kwaya kunapunguza wasiwasi. Jioni moja, kanisani kwetu Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira, niliwahoji vijana waliokuwa wanafanya mazoezi ya kuimba, kisha nikawahoji akina mama waliokaa kimya kwenye mabenchi. Hao nikawaandika kuwa wasioimba. Nilipopiga hesabu, tofauti ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo, ya bahati tu.

Siku ya kutetea kazi, tai ikinibana shingo, nikatangaza kwamba sikupata ushahidi kuwa kuimba kunatuliza moyo.

Profesa akaniuliza kwa upole, "Hao wasioimba uliwatoa wapi, hapa Uvira?"

Nikafurahi, maana mmoja alikuwa amekaa kati ya waliokuja kunisikiliza. "Mama Furaha yule pale. Haimbi."

Mama Furaha akasimama, akakaza kitenge chake. "Mutoto wangu, miye niko naongoza kwaya ya bamama. Ile siku tulikuwa tunangoja vijana bamalize. Na leo tumekuja kukuimbia."

Nikatazama nyuma yake. Wasioimba wangu wote walikuwa wamevaa sare ya kwaya.